Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda

Watu wa Buganda, nchi iliyo kando ya ziwa la Nyanza, humwita mfalme wao Kabaka, na waziri wake mkuu humwita Katikiro. Zamani Katikiro alikuwa mkono wa mfalme na sikio lake. Mashauri makubwa yalipita kwake, kodi ilipita kwake, na mwenye haja kwa Kabaka alibisha kwanza mlangoni pake. Apolo Kagwa alishika kazi hiyo miaka 37, tangu mwaka 1889 hata 1926. Katika miaka hiyo aliitengeneza nchi upya. Alitenda mema mengi, akaacha pia deni moja kubwa.

Kagwa alizaliwa mnamo mwaka 1865, katika ukoo wa Senene. Hakuwa mwana wa mfalme. Alipelekwa ikuluni angali kijana awe mtumishi, akajifunza kusoma na kuandika kwa wamisionari wa Kiingereza, akabatizwa katika dini ya Kiprotestanti. Mwaka 1886 Kabaka Mwanga alipowaghadhibikia vijana Wakristo, Kagwa naye alipigwa vikali, ila hakuuawa. Karoli Lwanga na wenzake, ambao Kanisa liliwatangaza watakatifu mwaka 1964, walichomwa moto huko Namugongo tarehe 3 Juni, na vijana Waprotestanti waliteketea pamoja nao.

Mwaka 1888 Mwanga aliondolewa katika kiti chake, nao Wakristo wakakimbilia nchi ya Ankole. Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wakimbizi pamoja, wakarudi pamoja mwaka 1889 ili kumrudisha mfalme. Katikiro wao alikuwa Honorati Nyonyintono, Mkatoliki hodari. Alipouawa vitani, Kagwa aliwekwa mahali pake.

Lakini umoja wa wakati wa taabu haukudumu wakati wa kugawana vyeo. Mwezi wa Januari 1892 Wakristo walipigana na Wakristo huko Mengo, makao ya mfalme. Kagwa aliwaongoza Waprotestanti, akisaidiwa na bunduki za Kapteni Lugard. Wakatoliki walishindwa, wakatawanyika, wengi wakahamia jimbo la Buddu. Mapadre waliopatwa na msiba ule walikuwa wa shirika lile lile la Mapadre Weupe waliojenga misioni ya Kibanga, karibu na Ubwari katika Ziwa Tanganyika, mwaka 1883. Wapagani waliotazama vita ile waliona watu waliofundishwa kupendana wakiuana. Ni habari ya kuhuzunisha, wala haifai kufichwa.

Mwaka 1897 Mwanga aliasi juu ya Waingereza, akashindwa. Mwanawe, Daudi Chwa, alitawazwa akiwa mtoto wa mwaka mmoja tu. Watu watatu waliwekwa watawale kwa niaba yake: Kagwa na Zakaria Kisingiri, Waprotestanti, pamoja na Stanislaus Mugwanya, Mkatoliki. Hivyo watu wa pande mbili zilizomwaga damu waliketi katika baraza moja, wakaitunza milki ya mtoto hata alipotimiza umri mwaka 1914.

Ndipo Kagwa alipofanya kazi yake kubwa. Tarehe 10 Machi 1900 yeye na wenzake walitia sahihi mkataba na Waingereza. Nchi iligawanywa katika majimbo 20, kila jimbo na mkubwa wake. Lukiko, yaani baraza kuu, lilipewa watu 89, nalo likawa mahali pa kutunga sheria na kusikiliza rufani. Kodi ikawa rupia 3 kwa mwaka kwa kila nyumba, na rupia 3 kwa kila bunduki. Zamani mtu hakujua mkubwa atamdai nini kesho. Sasa kiasi kilijulikana. Wakubwa waliagizwa kutengeneza barabara na kuzivusha juu ya mabwawa. Kagwa mwenyewe aliandika vitabu vya wafalme wa Buganda, vya koo zao na vya desturi zao, ili habari za wazee zisipotee.

Siku zile malale iliingia, ugonjwa uletwao na mbung'o, ambao uliwatesa pia watu wa Ziwa Tanganyika. Inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 200,000 walikufa kando ya Nyanza na visiwani. Serikali iliamuru waliosalia waache pwani ya ziwa, nao wakubwa wa Buganda wakawahamisha. Kuiacha nyumba, mtumbwi na kaburi la baba ni uchungu, lakini kwa njia hiyo wengi waliokoka.

Sasa yafaa kusema habari ya deni. Mkataba wa mwaka 1900 uligawanya pia ardhi. Maili za mraba 8,000 zilitengwa kwa ajili ya wakubwa na watu wenye cheo wapatao 1,000, ziwe mali yao na ya watoto wao. Kila mmoja wa wale watawala watatu alipata maili 16 kuwa zake mwenyewe, na maili 16 nyingine za kazi yake. Misioni nazo zilipata sehemu. Lakini mkulima mdogo, aliyelima migomba pale alipozikwa babu yake, hakuketi katika lile baraza. Alilala mwenyeji, akaamka mpangaji. Akadaiwa malipo ya kukaa, na baadaye sehemu ya pamba yake. Wazee wa koo walilalamika kwamba makaburi yao yamewekwa mikononi mwa wageni, na katika miaka ya 1920 kilio chao kilifika mbele ya Kabaka na serikali.

Kagwa hakuiona haki ikirudi. Mwaka 1926 aligombana na afisa mmoja Mwingereza kwa ajili ya vibali vya pombe. Jambo lilikuwa dogo, lakini kiini chake kilikuwa kikubwa: maafisa walitaka kuwaamuru wakubwa bila kupitia kwa Katikiro. Mzee aliacha kazi, na mwezi wa Februari 1927 akafa huko Nairobi, mbali na nyumba yake. Mwaka 1928 sheria mpya ilianza kutumika Buganda: malipo ya mkulima yaliwekewa kipimo, naye hakuweza tena kufukuzwa ovyo katika shamba lake.

Katekumeni huahidi kumkataa shetani na mambo yake yote. Labda hudhani mambo hayo ni uchawi na ulevi tu. Maisha ya Kagwa yaonyesha kwamba dhambi yaweza kuingia hata katika kazi njema, pale wenye kugawa wanapojigawia kwanza. Si kila mtu atakuwa waziri wa mfalme. Lakini kijijini pia mashamba hupimwa, urithi wa mjane huamuliwa, na samaki wa wavu mmoja hugawanywa pwani. Aliye wakili wa vitu hivyo na amtafute kwanza yule asiyekuwapo barazani, amwekee fungu lake. Kwa maana Bwana mwenye mali atarudi, naye atadai hesabu.