Edwin Hall: Mwalimu aliyekitilia shaka kitabu

KASULU na Kibondo, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, ziko nyumba nyingi zinazopata mwanga kwa paneli za sola. Paneli hizo hutengenezwa kwa silikoni iliyotiwa chembe chache za fosforasi na boroni. Ili kujua chembe hizo zimefanya kazi kiasi gani, wataalamu hutumia njia iliyoanzishwa na Mmarekani Edwin Herbert Hall.

Hall alizaliwa Novemba 7, 1855, katika jimbo la Maine. Alihitimu Chuo cha Bowdoin mwaka 1875, akawa mwalimu wa shule kwa miaka miwili, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, chini ya Profesa Henry Rowland.

Huko alisoma katika kitabu cha James Clerk Maxwell, gwiji wa fizikia wa enzi hizo, kwamba sumaku husukuma waya wenye umeme, wala haigusi mkondo wenyewe. Hoja hiyo haikumwingia akilini. Rowland alikwisha kulichunguza jambo hilo bila mafanikio, na Hall naye, alipopima kama sumaku huongeza ukinzani wa waya, hakuona kitu.

Hakukata tamaa. Oktoba 28, 1879, akiwa na miaka 23, alibandika dhahabu nyembamba juu ya kioo, akaipitishia umeme katikati ya ncha za sumaku. Kipimo kikaonyesha kuwa mkondo umesukumwa upande.

Maxwell alifariki siku nane baadaye, kabla ugunduzi uliosahihisha kitabu chake haujachapishwa.

Katika silikoni na jamii yake, yaani semikondakta, athari ya Hall huonyesha idadi ya chembe zinazobeba umeme, na kama ni hasi au chanya. Zikipozwa hadi karibu nyuzi 273 chini ya sifuri, elektroni nyingi hunaswa na atomu, umeme ukapita kwa taabu. Hapo sumaku huweza kuongeza ukinzani, na pengine kuupunguza.

Katika baridi ya namna hiyo, mwaka 1980, Mjerumani Klaus von Klitzing aliona athari ya Hall ikipanda kwa ngazi kamili. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Hall hakuyashuhudia hayo. Alifundisha Harvard hadi 1921, akafariki Novemba 20, 1938, akiwa na miaka 83. Amewaachia wanafunzi funzo moja: kitabu huheshimiwa, lakini hupimwa pia.