Stanislaw Ulam: Karata za mgonjwa zilizozaa mbinu ya kupima vinu vya nyuklia

KABLA kinu cha nyuklia hakijajengwa, kwanza hujaribiwa ndani ya kompyuta. Wahandisi hufuatilia mamilioni ya chembe ziitwazo nyutroni, moja baada ya nyingine, ili kujua kama kinu kitafanya kazi kwa utulivu. Mbinu hiyo ilitokana na mgonjwa aliyekuwa akicheza karata peke yake, Stanislaw Ulam.

Mwanahisabati huyo alizaliwa Aprili 13, 1909 katika mji wa Lwow, uliokuwa chini ya himaya ya Austria na Hungary na ambao sasa ni Lviv, Ukraine. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi, baba yake akiwa mwanasheria. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1933 katika chuo cha ufundi cha mji huo.

Mwaka 1935 alikwenda Marekani kwa mwaliko wa mwanahisabati mwenzake, John von Neumann, na baada ya hapo akawa akirudi kwao wakati wa kiangazi. Agosti 1939 aliondoka kwa meli pamoja na mdogo wake, Adam. Siku chache baadaye Ujerumani iliivamia Poland. Baba yao na dada yao, waliobaki nyuma, waliuawa katika mauaji ya Wayahudi.

Wakati wa vita Ulam alijiunga na maabara ya siri ya Los Alamos, jimbo la New Mexico, palipotengenezwa bomu la atomiki. Sehemu kubwa ya urani ya mradi huo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga.

Vita vilipokwisha alikwenda kufundisha chuo kikuu Los Angeles. Mwanzoni mwa 1946 alipatwa na uvimbe wa ubongo, akashindwa kuzungumza sawasawa na akapasuliwa fuvu. Alihofu kwamba akili yake, ambayo ndiyo iliyokuwa mtaji wake, isingerudi. Alipotoka hospitalini, rafiki yake Paul Erdős alicheza naye sataranji, na Ulam akashinda.

Akiwa mapumzikoni alicheza karata, akajiuliza uwezekano wa kushinda ni kiasi gani. Mipangilio ya karata 52 ni mingi mno kukokotolewa. Ndipo alipoona njia nyepesi, yaani kucheza mara 100 na kuhesabu mara alizoshinda.

Mawazo yake yakahamia kwenye nyutroni. Nyutroni ikikutana na kiini cha urani yaweza kudunda, kumezwa, au kukipasua na kutoa nyutroni nyingine mbili au tatu. Hakuna ajuaye moja itafanya nini, lakini uwezekano wa kila tukio unaweza kupimwa. Kompyuta hutumia namba za kubahatisha kuamua hatima ya kila nyutroni, mfano wa mtu afunuaye karata. Kizazi kimoja cha nyutroni kikizaa kingine chenye idadi ile ile, kinu hutulia. Idadi ikipungua, huzimika. Ikiongezeka, nguvu hupanda.

Von Neumann aliandaa mpango wa hesabu hizo mwaka 1947. Mwaka uliofuata, kwa programu iliyoandaliwa kwa mchango mkubwa wa mkewe, Klara, zilifanywa na ENIAC, kompyuta yenye uzito wa tani 30 hivi. Nicholas Metropolis aliipa mbinu hiyo jina la Monte Carlo, mji wa kamari, kwa sababu jamaa mmoja wa Ulam alizoea kukopa fedha ili aende kucheza huko. Ulam na Metropolis waliitangaza kwa maandishi mwaka 1949.

Hata hivyo, hesabu za kwanza zilihusu silaha, si umeme. Mwaka 1951 Ulam na Edward Teller walitoa wazo lililowezesha bomu la haidrojeni. Leo mbinu ile ile husaidia kusanifu vinu vya umeme, kukadiria unene wa kuta za kuzuia mionzi na kupanga tiba ya saratani.

Ulam alihamia Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 1967. Alifariki dunia Mei 13, 1984 huko Santa Fe, akiwa na umri wa miaka 75, na kuacha mke, Françoise, na binti mmoja.