Galileo: Darubini ilimpa riziki, ikampokonya uhuru

DARUBINI ya jicho moja haikuundwa kwa ajili ya nyota. Mwanzoni ilikuwa chombo cha mabaharia na askari, na Galileo Galilei, aliyeielekeza mbinguni, aliishia kuwa mfungwa.

Galileo alizaliwa Februari 15, 1564 mjini Pisa, Italia. Baba yake, mwanamuziki Vincenzo Galilei, alitaka awe tabibu, lakini mwaka 1585 kijana huyo aliacha chuo kikuu bila shahada, akashika hisabati.

Vincenzo alipofariki dunia mwaka 1591, mzigo wa familia ulimwangukia Galileo, yakiwemo mahari ya dada zake, ambayo huko yalitolewa na upande wa bibi harusi. Mwaka 1592 alianza kufundisha Padua, katika Jamhuri ya Venice, lakini mshahara haukutosha.

Mwaka 1609 alipata habari za bomba la Uholanzi lililosogeza vitu vya mbali. Mtengeneza miwani Hans Lippershey alikuwa ameliombea hataza mwaka 1608. Galileo akaunda la kwake, lenzi akizisugua mwenyewe.

Mbele aliweka lenzi iliyovimba katikati, na kwenye jicho iliyobonyea. Kwa mpangilio huo vitu vilionekana wima, si kichwa chini miguu juu, jambo la lazima kwa anayetazama meli.

Agosti mwaka huo aliwapandisha wakuu wa Venice kwenye mnara wa Mtakatifu Marko. Kwa bomba lililokuza mara nane hivi, waliona meli takriban saa mbili kabla hazijaonekana kwa macho matupu. Kwa dola iliyoishi kwa bahari, huo ulikuwa muda wa kujiandaa kwa vita au kwa biashara. Seneti ikampa ajira ya maisha na nyongeza kubwa ya mshahara.

Angeweza kutosheka. Badala yake aliunda darubini zenye nguvu zaidi, akaona milima mwezini, na Januari 1610 akagundua miezi minne ikiizunguka sayari ya Mshtarii. Kumbe si kila kitu kiliizunguka dunia, kama ilivyofundishwa.

Mwaka 1616 Kanisa lilimwamuru aache kutetea fikra kwamba dunia hulizunguka jua. Baada ya kitabu chake cha mwaka 1632, alishtakiwa mjini Roma. Juni 22, 1633, akiwa na miaka 69, alipiga magoti na kuyakana aliyoyaamini.

Alifungiwa nyumbani Arcetri, karibu na Florence. Kufikia 1638 alikuwa kipofu kabisa, na Januari 8, 1642 alifariki dunia.

Mwaka 1992 Papa Yohane Paulo wa Pili alikiri kwamba Galileo alikosewa. Miezi ile minne ingali inaonekana, hata kwa darubini ndogo ya mkononi, mradi mkono umeegemezwa na usitikisike.