Padri Placide Tempels na kitabu ambacho askofu wa Élisabethville alitaka kinyamazishwe

Katika Katanga, watu wengi wamesikia neno Jamaa. Wanajua zile familia za Wakatoliki, bwana na bibi pamoja, zilizokuwa zinakutana usiku nyumbani, mu Kolwezi na mu kambi za Union Minière. Wengi wanajua pia kwamba nyuma ya Jamaa kulikuwa padri mumoja muzungu, Placide Tempels. Lakini wachache wanajua kwamba miaka minane mbele ya Jamaa, padri huyo aliandika kitabu kidogo kilichotaka kumumaliza, na kwamba mutu aliyekipiga vita sana alikuwa askofu wa mji huu wetu, si serikali ya Bruxelles.

Tunaandika historia hii juu ya mabishano ambayo hayaishe. Hapa Karavia (kwa wale wanaotusoma kutoka Bunia, Goma, Bukavu ao Kindu, ni upande wa Lubumbashi ulio kando ya ziwa) wazazi wanauliza kama masomo yanapashwa kuacha vijana wasome kila kitabu, ao kama vingine vinapashwa kuondolewa. Swali hilo ni la zamani. Katika 1945 liliulizwa kilometa chache kutoka hapa, na waliogombana walikuwa mapadri wenyewe kwa wenyewe.

Jina lake la kuzaliwa ni Frans Tempels. Alizaliwa tarehe 18 mwezi wa pili 1906 mu Berlaar, kijiji cha Waflama katika Ubelgiji. Aliingia shirika la Wafransisko, akapewa jina la Placide, akapata upadri katika 1930. Katika 1933 alifika Congo na akatumwa Katanga, kwa Waluba, upande wa Kamina.

Miaka yake ya kwanza haikuwa tofauti na ya wamisionari wengine. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba alikuja kama bwana: anaamuru, anafundisha, anatazamia watu watii. Katekisimu ilikuwa ya maulizo na majibu, na watu walijifunza kwa kichwa. Kiisha aliona jambo lililomusumbua. Mutu amebatizwa, anasali, anaimba vizuri siku ya Mungu. Lakini mtoto anapogonjwa, ao kifo kinapoingia nyumbani, anarudi kwa munganga, kwa wankambo, kwa dawa za zamani. Mapadri wengine walisema ni ujinga, ao ni shetani. Tempels akajiuliza swali lingine: kama watu wote, wenye akili na wasio na akili, wanarudi palepale kila mara, labda kuna mawazo yaliyopangwa vizuri nyuma ya matendo hayo, na sisi wazungu ndio hatuyaoni?

Akaanza kukaa na wazee na kuuliza. Aliuliza maana ya majina, ya salamu, ya mezali, ya maneno mutu anayosema anapolaani ao anapobariki. Jibu aliloona ni hili, kwa kifupi: kwa Muluba, kuwa ni kuwa na nguvu. Kila kitu kina nguvu ya uzima, nguvu hiyo inaweza kuongezeka ao kupunguka, na mutu hayuko peke yake hata kidogo, ameungwa na waliomuzaa, na wafu, na udongo, na wale atakaowazaa. Basi mutu anayekwenda kwa munganga anatafuta kuokoa nguvu yake, na ana sababu zake kamili. Tempels aliita mawazo hayo filozofia. Neno hilo moja ndilo lililoleta vita.

Aliandika kwa Kiflama. Sehemu za kwanza zilitokea katika Aequatoria, gazeti la wamisionari lililokuwa linaongozwa na padri Gustaaf Hulstaert upande wa Équateur. Mu Élisabethville, avoka mumoja, Antoine Rubbens, akatafsiri maandishi hayo kwa Kifaransa, na katika 1945 yakatoka kama kitabu kwa Lovania: La philosophie bantoue. Kumbe kitabu ambacho leo kinatajwa mu vyuo vikuu vya dunia nzima kilizaliwa hapahapa Lubumbashi.

Lazima tukumbuke wakati ule ulikuwa namna gani. Vita vya dunia vilikuwa vinaisha, na Congo ilikuwa imefanyishwa kazi kupita kiasi ili Wamarekani na Waingereza wapate shaba, mpira na uranium. Katika mwezi wa kumi na mbili 1941, wafanyakazi wa Union Minière waligoma mu Élisabethville, wakaitiwa kwenye kiwanja cha mupira, na askari wakawapiga risasi. Wengi walikufa. Katika 1944 askari wa Luluabourg waliasi. Wazungu walikuwa na woga. Na ni wakati huohuo Tempels alianza kuandika pia mu gazeti la mji, L'Essor du Congo, akisema kwamba wafanyakazi weusi wana haki, na kwamba uasi wao una sababu. Rubbens akakusanya makala za namna hiyo katika kitabu kingine, Dettes de guerre, mwaka uleule 1945. Kwa hiyo, mutu aliyesoma kitabu juu ya mawazo ya Waluba alijua vizuri kwamba mwandishi wake anasema pia juu ya mshahara na fimbo.

Askofu alikuwa Jean-Félix de Hemptinne, Mubenedikto, aliyefika Katanga tangu 1910. Alikuwa mutu mwenye nguvu, rafiki wa kampuni na wa serikali, mwenye ndevu ndefu. Wakaaji wa mji walivumisha kwamba ana damu ya mfalme Léopold II. Tusimuchore kama shetani, aliamini anachunga kondoo wake. Kwake, kusema kwamba wapagani wana filozofia yao kulikuwa kuangusha kazi yote ya misioni: kama wana hekima yao kamili, tumekuja kufundisha nini? Na kama hekima yao ni sawa na yetu, kwa nini tunawatawala? Swali la pili halikuandikwa waziwazi mu kitabu, lakini askofu alilisikia, na miye naona alisikia vizuri.

Akashitaki kitabu kwa wakubwa wa Kanisa. Alitaka Roma ikihukumu kama uzushi, na alitaka padri huyo aondolewe katika Congo. Wakati ule Roma ilikuwa bado na ile orodha inayoitwa Index, ya vitabu ambavyo Mukatoliki hana ruhusa kusoma. Kuingia mu orodha hiyo ilikuwa kama kufa kwa mwandishi padri, na vijana wa seminari wangekatazwa kabisa kukigusa.

Hapa ndipo jambo linagusa vijana. Katika 1945 ni Wacongo gani waliokuwa na Kifaransa cha kutosha kusoma kitabu kama hiki? Chuo kikuu hakikuwako bado: Lovanium ilifunguliwa katika 1954, na chuo kikuu cha Élisabethville katika 1956. Masomo ya juu yalikuwa karibu paka seminari. Basi wasomaji weusi wa kwanza wa Tempels, ndani ya Congo, walikuwa hasa vijana waliokuwa wanajitayarisha kuwa mapadri, pamoja na makarani wachache. Walikuwa wamefundishwa tangu utoto kwamba mambo ya baba zao ni upumbafu wa kutupwa. Sasa wanakuta padri muzungu, tena ndani ya kitabu kilichochapwa, akisema kwamba baba zao walikuwa wanafikiri. Kwa kijana wa miaka ishirini, hilo si jambo dogo. Ndiyo maana hasira ya askofu ilikuwa kali hivyo.

Roma haikukihukumu kitabu, na hakikuingia mu Index. Lakini mwandishi alilipa. Tempels alienda Ubelgiji katika 1946, na akazuiwa kurudi. Alikaa huko mpaka 1949, miaka mitatu hivi, mbali na kazi yake na watu wake. Hakuna hukumu iliyosomwa mbele ya watu; alikosa tu ruhusa ya kurudi. Wale waliokaa chini ya Mobutu wanajua namna hiyo ya kunyamazisha mutu bila karatasi.

Wakati mwandishi amefungiwa mlango, kitabu kilikuwa kinatembea. Mu Paris, Musenegali Alioune Diop alikuwa ameanzisha gazeti Présence Africaine katika 1947. Alipoamua kufungua pia nyumba ya kuchapa vitabu, katika 1949, kitabu cha kwanza alichotoa kilikuwa hiki cha Tempels, na Diop mwenyewe aliandika maneno ya kwanza ya kukipokea. Ona sasa: nyumba ambayo imechapa wakubwa wa maandishi ya Afrika ilianza na kitabu cha Élisabethville ambacho askofu wa Élisabethville alitaka kifutwe.

Kiisha kikaanza kupigwa upya, lakini safari hii na Waafrika. Katika 1950 Aimé Césaire, Mumartinike, alikishambulia bila huruma. Alisema, kwa maana, kwamba hii ni heshima isiyogarimu kitu: muheshimu Mubantu kwa falsafa yake, na kwa hiyo usimupe mshahara wa haki, nyumba nzuri wala chakula cha kutosha. Hakukosea kabisa, juu Tempels aliandika akiwaelekea wakoloni wenzake, akiwafundisha namna bora ya kufanya kazi yao ya kustaarabisha, na aliona kwamba Mubantu hawezi kueleza filozofia yake mwenyewe mpaka muzungu amusaidie. Ukurasa huo ukiusoma leo, unakuumiza. Lakini kwa Tempels wa magazeti ya 1945, yule aliyeandika juu ya haki za wafanyakazi, naona Césaire alipiga kwa nguvu kupita kiasi.

Wengine walijibu kwa kazi ya pole pole. Padri Alexis Kagame wa Rwanda alichunguza lugha yake ya Kinyarwanda na katika 1956 akatoa kitabu chake juu ya jambo hilo, akisahihisha Tempels. Katika 1968 Eboussi Boulaga wa Cameroun alikiparamia upya, kiisha Paulin Hountondji wa Bénin akasema kwamba mawazo ya kabila nzima hayawezi kuitwa filozofia, filozofia inatoka kwa mutu mumoja anayebishana na wenzake. Na V. Y. Mudimbe, mwana wa Likasi aliyefundisha mu Lubumbashi katika miaka ya 1970, alichambua Tempels katika vitabu vyake mpaka mifupa ikaonekana. Hao wote waliweza kumupinga juu walimusoma. Kama de Hemptinne angeshinda, Césaire angekosa cha kupiga, na Kagame cha kusahihisha. Kitabu chenye makosa kilichobaki mikononi kilizaa vitabu vizuri kukipita. Miye naona hilo linatosha kumujibu askofu, bila kusema kwamba Tempels alikuwa sawa.

Tempels alirudi Katanga katika 1949, akawekwa upande wa Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa migodi. Hakuandika tena kitabu cha namna ile. Alianza kukutana na familia, na tangu 1953 mikutano hiyo ikawa Jamaa. Walisema Kiswahili, kile chetu cha kambi, na maneno yao makubwa yalikuwa uzima, uzazi na mapendo. Mutu akiwa na kitabu cha 1945 mkononi anatambua mara moja: ile nguvu ya uzima imerudi, lakini sasa ni wenyewe wanaosema, baba na mama, na padri anakaa katikati yao na kuambiwa baba kama wengine. Hilo pia liliwatia wakubwa wa Kanisa wasiwasi, na makundi mengine yaliyotoka mu Jamaa yalikuja kukataliwa na maaskofu. Lakini hiyo ni historia nyingine, ndefu.

Askofu de Hemptinne alikufa mu Élisabethville katika 1958. Tempels aliondoka Congo katika 1962, mwaka wa kitabu chake kidogo Notre rencontre, ambamo anaeleza namna alivyobadilika kutoka bwana mpaka kuwa ndugu. Hakuja tena kukaa hapa. Roma ilifuta Index katika 1966. Yeye alikufa mu nyumba ya Wafransisko ya Hasselt, Ubelgiji, tarehe 9 mwezi wa kumi 1977.

Wale wazee wa Kamina waliokaa naye jioni na kumueleza maana ya majina na ya laana hawakupata kujulikana kama yeye. Ikiwa katika familia yenu, upande wa Haut-Lomami ao wa Lualaba, kuna mutu aliyesikia kwa babu yake namna padri huyo alivyokuwa anauliza maulizo, na nini walimujibu, ao nini walikataa kumwambia, mulete habari hiyo kwenye radio.