Mama Kevina: Mwalimu Aliyeacha Walimu



Wanakwaya wenzangu, na ninyi nyote mliofika kuadhimisha nasi Jubilei ya miaka 25 ya kwaya yetu, karibuni sana. Kamati ya maandalizi iliniomba niandike katika kijitabu hiki maisha ya mtu mmoja ambaye tunaweza kujifunza kwake siku kama ya leo. Wengi walidhani nitaandika juu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa waimbaji. Huyo tunamkumbuka kila mwezi wa Novemba na hatutamsahau. Lakini safari hii nimemchagua mtawa mwalimu ambaye hakujulikana kwa uimbaji. Jina lake la kitawa ni Mary Kevin, na watu wa Uganda walimwita Mama Kevina. Sababu ya kumchagua mtaiona mwishoni.

Yatima wa Arklow

Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 karibu na mji wa Arklow, huko Ireland, akaitwa Teresa Kearney. Baba yake, aliyekuwa mkulima, alifariki katika ajali miezi mitatu kabla ya mtoto kuzaliwa. Alipofika umri wa miaka kumi, mama yake naye akafariki. Akachukuliwa na nyanya yake, mama mcha Mungu aliyemfundisha sala na kazi. Hata nyanya huyo naye aliondoka duniani Teresa akiwa na miaka 17. Kwa hiyo kabla ya kuwa mtu mzima, alikuwa amekwisha kuwazika wote waliomlea.

Alitaka kuwa mwalimu. Lakini chuo cha ualimu kilihitaji karo, na karo haikuwapo. Akaingia darasani kama mwalimu msaidizi asiye na cheti, kwanza kwa masista wa Mercy wa Rathdrum, kisha Uingereza katika shule ya watawa. Wale kati yetu waliowahi kufundisha shuleni wakingoja nafasi ya chuo wanaijua hali hiyo: kazi ni ile ile ya mwalimu, ila jina na mshahara ni vingine.

Mwaka 1895 aliingia utawani kwa Masista Wafransisko wa Mill Hill, London. Mwaka 1898 akapewa jina la Mary Kevin. Nia yake ilikuwa kutumwa Marekani kuwahudumia watu weusi wa huko, na aliingoja safari hiyo kwa miaka kadhaa. Wakuu wake walipomwita hatimaye, hawakumtaja Marekani. Walimwambia ni Uganda. Akakubali.

Kilima cha Nsambya

Aliyewaalika masista hao ni Askofu Henry Hanlon wa shirika la Mill Hill. Vikarieti yake ya Upper Nile wakati ule ilianzia Kampala na kuingia hadi magharibi ya nchi yetu, kwa hiyo mababu wa wengi tuliokaa kanisani leo walikuwa kondoo wa askofu huyo huyo. Masista sita waliondoka Ulaya tarehe 3 Desemba 1902. Njia ya siku hizo ilikuwa meli hadi Mombasa, kisha reli mpya hadi Kisumu, halafu kuvuka ziwa. Tarehe 15 Januari 1903 walifika Nsambya, kilima kimoja katika mji wa Kampala.

Walifika wakati mgumu. Ugonjwa wa malale ulikuwa ukiua watu kwa maelfu kando ya ziwa. Masista walikuja na nia ya kufundisha, lakini wagonjwa hawakungoja darasa lijengwe. Zahanati yao ya kwanza ilikuwa chini ya mwembe. Asubuhi walifunga vidonda, na baadaye walifundisha wasichana kusoma, kuandika, kushona na katekisimu. Sista Kevin alijifunza Kiganda ili aweze kuzungumza na akina mama bila mkalimani.

Kazi ilikua. Mwaka 1906 walifungua misheni ya Nagalama. Mwaka 1910 mkuu wa masista aliugua na kuondoka, na Kevin akawekwa mahali pake akiwa na umri wa miaka 35. Mwaka 1913 wakafika Kamuli, katika nchi ya Busoga. Kila mahali utaratibu ulikuwa mmoja: dawa upande huu, shule upande ule.

Wapagazi wa vita

Vita Vikuu vya Kwanza vilipofika Afrika Mashariki, maelfu ya vijana wetu walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Hao ndio Carrier Corps, ambao mtaa wa Kariokor jijini Nairobi umepata jina kutokana nao. Wengi hawakurudi. Waliorudi, wengi walirudi wagonjwa na wamekonda mno. Nsambya ikageuzwa kuwa hospitali yao, na Mama Kevin na masista wake wakawauguza. Serikali ya Uingereza ilimpa nishani mwaka 1918.

Hapo Mama Kevin aliona pia jambo jingine. Wanawake wengi walikuwa wakifariki wakati wa kujifungua, na sheria ya Kanisa ya wakati ule haikuwaruhusu masista kufanya kazi ya ukunga. Hakukaa akalalamika. Alimpata daktari mlei, Evelyn Connolly, na pamoja wakaanzisha Nsambya shule ya kufunza wakunga na wauguzi wasichana wa Uganda. Kama masista walikatazwa, wasichana wenyewe wa nchi hawakukatazwa. Wakati huo huo aliendelea kuwaomba wakuu wa Kanisa waiangalie upya sheria ile. Mwaka 1936 Roma iliwaruhusu masista kufanya kazi hiyo.

Mabinti wanane

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Kadiri shule zilivyoongezeka, Mama Kevin aliona kwamba masista kutoka Ulaya hawatatosha kamwe, na hata wangetosha, haikuwa sawa Kanisa la Afrika kungoja daima watu wa kutoka nje. Baadhi ya wasichana aliowafundisha walitamani maisha ya utawa. Wako waliodhani kwamba msichana wa Kiafrika hawezi kushika nadhiri, na wazazi wengi waliona ajabu binti kukaa bila kuolewa. Mama Kevin aliwaamini.

Mwaka 1923, huko Nkokonjeru, alianza na mabinti wanane. Ndio mwanzo wa shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Leo masista hao wapo Uganda, Kenya na Tanzania, katika shule, hospitali na parokia. Huenda baadhi yenu mnaosoma hapa mlifundishwa nao kuandika herufi ya kwanza, au mlizaliwa mikononi mwao.

Alipigania pia elimu ya juu ya wasichana. Tazameni miaka hii miwili. Chuo cha Namilyango, cha wavulana Wakatoliki, kilianzishwa na mapadre wa Mill Hill mwaka 1902. Mama Kevin alianzisha Mount St Mary's, Namagunga, kwa ajili ya wasichana, mwaka 1942. Ndugu wa kiume na dada yake walipishana miaka 40 mlangoni mwa shule. Dada alichelewa, lakini hakubaki nyuma: Specioza Kazibwe, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Uganda kuanzia mwaka 1994, alisoma Namagunga. Na kwa wale ambao hawakuwa na mtu, yaani wagonjwa wa ukoma, Mama Kevin alifungua vituo vya Nyenga na Buluba katika miaka ya 1930.

Safari ya mwisho

Mwaka 1952 masista Wazungu waliokuwa Afrika walifanywa shirika jipya, Masista Wafransisko Wamisionari kwa Afrika, naye akawa mkuu wao wa kwanza akiwa na miaka 77. Mwaka 1955 aliacha uongozi. Mtu wa miaka 80 angestahili kupumzika chini ya mwembe wa Nsambya. Badala yake alitumwa Boston, Marekani, kutafuta msaada wa misheni. Hivyo nchi aliyoitamani akiwa kijana aliipata akiwa mzee, na huko alikwenda kuomba kwa ajili ya Afrika.

Alifariki huko tarehe 17 Oktoba 1957. Masista walimpeleka Ireland ili azikwe kwao. Lakini Wakatoliki wa Uganda hawakukubali. Kwao, Mama hazikwi ugenini, na kwao ndiko kulikokuwa nyumbani kwake. Wakaomba arudishwe, naye akarudishwa kwa ndege mwaka ule ule wa 1957. Yatima ambaye hakuwa amebakiwa na mlezi alizikwa na taifa la watoto, pale Nkokonjeru alikoanza na mabinti wanane. Mwaka 2016 Kanisa lilifungua rasmi shauri la kumtangaza mwenye heri, na sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu. Tumwombee afikishwe kwenye heshima ya altare.

Na sisi je?

Nilisema sababu ya kumchagua mtaiona mwishoni. Mama Kevin alifungua shule nyingi, lakini wafungua shule wapo wengi. Alichotushinda wengi wetu ni kwamba hakutaka kazi isimame juu yake peke yake. Alinyimwa chuo cha ualimu, naye akawatengenezea wengine chuo. Alikatazwa ukunga, akawafundisha wakunga. Alipoona atazeeka, akalea watakaoshika.

Wapendwa, kwaya yetu imefika miaka 25 kwa neema ya Mungu na kwa jasho la waanzilishi wetu. Wengine wao wamelala katika Bwana, wengine magoti hayawaruhusu tena kusimama Misa nzima. Tuseme ukweli siku ya furaha, maana ndugu huambiana ukweli. Tuna mpiga kinanda mmoja. Akisafiri, tunaimba bila kinanda. Nota zetu nyingi ziko katika daftari za watu wawili au watatu, na nyimbo nyingine ziko katika vichwa vyao tu. Vijana wakija mazoezini tunawapa kiti cha nyuma na kuwaambia wasikilize kwanza, na wakichoka kusikiliza, tunashangaa wamekwenda wapi.

Kwa hiyo naomba zawadi moja ya Jubilei, nayo haihitaji mchango wa pesa. Kila mwanakwaya mzoefu, wa soprano, alto, tena au besi, achukue mtoto au kijana mmoja wa parokia na amfundishe anachokijua, mpaka yule kijana aweze kukifanya bila yeye. Mpiga kinanda achukue wawili. Waumini ambao hamuimbi nasi, tuleteeni watoto wenu siku ya mazoezi. Mama Kevin alianza na wanane tu.

Tukifanya hivyo, Jubilei ya miaka 50 itaimbwa hata na sisi tusipokuwapo. Mbegu njema haiogopi kufunikwa na udongo.

Mtumishi wa Mungu Mama Kevina, utuombee.

Heri ya Jubilei, na Mungu awabariki nyote.

Katibu wa Kwaya