SEYMOUR BENZER, MTU ALIYEFUNDISHA INZI



Mtihani wa Serikali unakaribia, na wengine kati yetu wanatafuta vidonge vya akili. Mbele ya kutoa feza yako, sikiliza habari za Seymour Benzer.

Alizaliwa New York, Marekani, tarehe 15 Oktoba 1921. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliotoka Polandi. Alipofika miaka 13 alipewa zawadi ya mikroskopu, na tangu siku ile hakuacha kuchungulia vitu vidogo. Alisoma fizikia, akapata udaktari mwaka 1947, halafu akageukia biolojia.

Alikuwa na binti wawili, na tabia zao zilikuwa mbalimbali kabisa. Akajiuliza kama tabia inatoka katika urithi. Ndiyo sababu akachukua wale inzi wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva, kwani wanazaa upesi: siku kumi hivi, kizazi kipya kipo. Wenzake wengi walikuwa na mashaka.

Mwaka 1974, kule California, yeye na William Quinn na William Harris walitangaza jaribio lao. Inzi walinusishwa harufu mbili. Harufu moja ilikuja pamoja na kurani, nyingine bila kurani. Kisha kurani ikaondolewa. Kumbe inzi mingi walikwepa ile harufu ya mateso! Walikumbuka hata saa 24. Mwaka 1976 Benzer na wenzake wakatangaza inzi wa namna nyingine: harufu anasikia, kurani anasikia, lakini fundisho haliingii. Wakamwita Mjinga.

Benzer alikufa tarehe 30 Novemba 2007, mwenye miaka 86. Lakini njia yake inatumiwa hata leo kwa kupima dawa: kundi moja la inzi linapewa, lingine halipewi, mengine yote ni sawasawa. Je, muuza vidonge wa sokoni alipima hivyo?

Mwaka 1994 Tim Tully na wenzake walionyesha neno kubwa. Inzi waliofundishwa mara kumi, na kupumzika katikati, walikumbuka juma zima. Waliofundishwa mara kumi mfululizo walisahau mapema.

Mwaka jana mimi mwenyewe nilimeza vidonge, nikakesha usiku kucha. Asubuhi karatasi yangu ilibaki nyeupe. Basi ndugu, tuanze leo: soma kidogo, pumzika, rudilia. Hiyo haiuzwi feza.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita