Otenyo hakuandikishwa jeshi na mtu

Kila KDF wakitangaza usajili, Gusii Stadium inajaa kuanzia alfajiri. Unakimbizwa, unapimwa urefu, unafunguliwa mdomo wahesabu meno. Na kila mara, pale kwa kinyozi wangu, kuna mzee atasema serikali ingelazimisha vijana wote jeshini ndio wapate adabu. Mimi niliyeacha chuo huwa ndio mfano. Sasa wewe ukikutana na mzee kama huyo, mwambie story ya Otenyo Nyamaterere.

Otenyo alikuwa wa Kitutu, eneo ambalo leo limegawanywa kati ya kaunti za Kisii na Nyamira. Enzi zake vijana walilala ebisarate, kambi za kulinda ng'ombe wa ukoo dhidi ya wavamizi. Hakukuwa na mshahara. Je, ni hiari ama lazima? Mimi naona vyote viwili, maana ng'ombe uliyemlinda ndiye angekulipia mahari. Ukikwepa zamu, utaoa na nini?

1905 Waingereza walikuja na askari na bunduki, watu wengi wa Kitutu wakauawa. 1907 afisa kijana, Geoffrey Northcote, akafungua kituo Getembe, hapo hapo mjini Kisii unapokunywa chai leo. Watu walishindwa kulitamka jina lake, wakamwita Nyarigoti. Kodi zikaanza, ng'ombe wakachukuliwa.

Hapo ndipo anaingia Moraa, mganga na nabii. Wengine husema alikuwa mama wa kambo wa Otenyo, wengine shangazi yake. Moraa hakuwa chifu. Hakuwa na polisi wala jela ya kumfunga aliyekataa kupigana. Alikuwa na maneno tu, na aliwaambia wanaume waziwazi kwamba wamekuwa waoga. Wengi walisikia wakarudi nyumbani. Otenyo alichukua mkuki.

Januari 1908 alimvizia Northcote njiani na kumchoma mgongoni. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Kitutu haikupona hivyo. Keya, wanajeshi wa KAR, waliletwa wakachoma nyumba, wakaswaga ng'ombe kwa maelfu na kuua watu zaidi ya 100. Mauaji yalizidi hadi Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni kule London, akalalamika. Kumbuka wengi wa hao keya walikuwa Waafrika waliojiandikisha wenyewe kwa mshahara. Hiari nayo ina upande wake mbaya, tusidanganyane.

Otenyo alikamatwa na kuuawa. Wazee husimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na mpaka leo kuna watu wa Gusii wanaodai kirudishwe kizikwe.

Yeye alikufa, lakini story haikuishia hapo. 1912 serikali ikafunga ebisarate, kwa sababu vijana wenye mikuki wakilala pamoja ni balaa kwa mtawala. Vita Kuu ikaanza, na Septemba 1914 Wajerumani na Waingereza wakapigania mji wa Kisii wenyewe. 1915 ikatoka sheria ya kulazimisha wanaume kubeba mizigo ya jeshi. Chifu alipewa idadi, naye alijua atachukua mtoto wa nani na kumwacha wa nani. Wa kwake sidhani alienda.

Marika ya Otenyo, wale wale walionyang'anywa mikuki, wakabebeshwa risasi na unga wa jeshi lililochoma nyumba zao, hadi kusini mwa Tanganyika. Kwa hesabu ya Waingereza wenyewe, wapagazi zaidi ya 40,000 wa Afrika Mashariki walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, si kwa risasi. Makaburi yao mengi hayana hata jiwe.

Jeshi hilo la wapagazi liliitwa Carrier Corps. Ukiwa Nairobi ukishuka soko la Kariokor kununua kiondo, jina hilo ndilo unalotaja kwa kondakta.